Kishikwambi cha kuchomoa kibodi, laptopu ya kugeuza, au ununue viwili tofauti?

Kila vyuo vikikaribia kufunguliwa, na kila watumishi wakipata uhamisho wa kuja Dodoma, swali linarudi lile lile: nina hela ya kununua mara moja tu, nataka cha kuandikia ripoti, cha kusomea pdf nimelala na cha kuandikia notsi kwa mkono, sasa nichukue hizi kompyuta za tachi zinazogeuka kuwa tableti au ni mbwembwe tu za wauzaji? Wengi wanaanza na prosesa na RAM, na ni sawa kuuliza, ila mimi naanzaga na swali lingine: ukishaifungua, unaiweka wapi? Mezani, mapajani, kwenye kibao cha mkono wa kiti cha semina, au juu ya siti ya pikipiki huko Bahi? Hapo ndo hizi mashine zinapoachana, na ukishajibu hilo nusu ya uamuzi umeshafanya.

Wanaoshindana

Ya kwanza naiita ya kuchomoa. Kompyuta yote, betri, prosesa, kila kitu, iko nyuma ya kioo. Kibodi ni kava jembamba linalonata kwa sumaku, ukitaka tableti unalibandua tu, na mgongoni kuna kistendi cha kuisimamishia. Inayojulikana zaidi ni Surface Pro ya Microsoft (Surface ya kwanza ilitoka 2012), ila zipo pia HP Elite x2, Dell Latitude 5285, na mdogo wao Surface Go mwenye kioo cha inchi 10.

Ya pili ni ya kugeuza. Hii ni laptopu kamili, kibodi haichomoki, isipokuwa bawaba zake zinazunguka nyuzi 360 mpaka kioo kinaenda kulala mgongoni. Hapa kuna Lenovo Yoga, ThinkPad X1 Yoga, HP EliteBook x360, na vile vidogo vya inchi 11 vilivyotengenezwa kwa ajili ya wanafunzi, ProBook x360 11 na Yoga 11e, ambavyo utavikuta sana kwenye maduka ya kompyuta zilizotumika.

Ya tatu ni kutochagua kabisa: unachukua laptopu ya kawaida iliyotumika, halafu pembeni unaongeza kishikwambi cha Android. Nimeiweka kwa makusudi, maana hela ya mashine moja nzuri ya kuchomoa mara nyingi inafika hapo, na muuzaji wa hizi mbili za juu hawezi kukukumbusha hilo.

iPad yenye kibodi nimeiacha pembeni, itatokea tu pale inapogusa.

Vigezo ni hivi: pa kuiweka, kalamu na kusoma, programu utakazotumia, umeme na joto na vumbi letu, matundu ya kuchomekea vitu, fundi akihitajika, na hela yote kwa jumla, yaani sio ile ya kwenye tangazo. Tuende.

Pa kuiweka

Mezani zote ziko sawa, hakuna haja ya kupoteza muda hapo. Tuangalie kwingine.

Chukua kiti cha semina chenye kile kibao cha mkono. Surface Pro ikiwa imesimama na kibodi yake inataka nafasi inayozidi sentimita 30 kutoka mbele hadi nyuma, maana kistendi kinakaa nyuma ya kioo na kibodi inatangulia mbele. Kibao hakina urefu huo. Kwahiyo unachokiona ni mtu kaishika kwa mkono wa kushoto isirudi nyuma, anachapa kwa mkono wa kulia, kila akigonga herufi kwa nguvu kava linabonyea katikati, na kistendi kikiteleza kwenye ukingo wa kibao kioo kinalala chali chenyewe. Mapajani ni hivyo hivyo, ukikaa umebana miguu inakubali, ukikunja mguu mmoja imeanguka. Wengine wanazoea, sikatai, ila wengine wanaishia kuitumia mezani tu na hapo inakuwa laptopu ya kawaida iliyonunuliwa kwa bei ya juu.

Lakini kiti hicho hicho ukibandua kibodi ukaiweka kwenye begi, ukashika kalamu, mambo yanageuka kabisa. Kioo kinalala kwenye kibao kama daftari, hakuna kinachoning'inia, na jirani yako hasikii tak tak tak mhadhara mzima.

Ya kugeuza yenyewe mapajani inatulia kwa sababu uzito uko chini kwenye kibodi, na ile ya inchi 11 inakaa vizuri kwenye kibao cha kiti bila wasiwasi. Pia ina mkao ambao watu wanausahau, ule wa hema, unaipindua nusu inasimama kwa kingo zake mbili: kuangalia mafunzo ya video huku unapika au kusoma mapishi ni raha, na inachukua nafasi ndogo mezani. Shida inakuja ukitaka kuishika mkononi kama tableti. Surface Pro 7 bila kibodi ina gramu 775, hizi za kugeuza nyingi zinacheza kati ya kilo 1.2 na 1.5, na vidole vyako vinashika vitufe kwa nyuma. Haviandiki kitu ukiwa umeigeuza, vinajizima, ila mkono unavihisi na mwanzoni inakera. Baadhi ya ThinkPad Yoga wameliona hilo, ukigeuza vitufe vinazama na kujifunga. Kusoma kitabu kitandani dakika tano kumi sawa, baada ya hapo utaiegesha kwenye mto.

Viwili tofauti hapa havina ugomvi. Laptopu inakaa mapajani, kishikwambi kinashikwa mkononi, kila mtu na kazi yake. Adhabu yake ni begi, maana unabeba vifaa viwili na chaja mbili, na kama unapanda daladala kutoka Nkuhungu kila asubuhi utaihisi.

Kalamu na kusoma

Hapa kuna watu wengi wanapigwa, na sio kwa bei, ni kwa maneno. Mazungumzo ya dukani yanaendaga hivi:

"Kaka, na kalamu yake iko wapi?"

"Kalamu utapata tu dada yangu, hizi si zinaingiliana zote."

Haziingiliani. Kalamu ya Samsung haiandiki kwenye Surface, ya Surface haiandiki kwenye iPad, na kuna kompyuta za kugeuza ambazo zina tachi ya vidole peke yake, hazina kabisa ile tabaka ya kusoma kalamu. Zile kalamu za bei rahisi zenye ncha ya mpira zinaandika kwenye kioo chochote cha tachi, ila kwa kioo zile ni kidole tu: mstari mnene, na ukilaza kiganja kinaandika na chenyewe.

Surface Pro za kuanzia 2017 mpaka Pro 7 (2019) zinatumia Surface Pen, kalamu nzuri kweli, inatambua ukikandamiza na inapuuza kiganja, sema inauzwa peke yake na ndani yake kuna betri ya saizi ya AAAA, A nne, sio ile AAA ya rimoti. Hiyo betri usitegemee kuikuta duka la mtaani, agiza kabisa pakiti. Kalamu mpya zaidi, Slim Pen, zinachaji, lakini bei yake ishike moyo kwanza.

Kwa za kugeuza, X1 Yoga ina ujanja mzuri kuliko wote, kalamu inazama kwenye tundu pembeni ya mashine na inachaji humo humo, kwahiyo haipotei. Ila ukinunua iliyotumika hakikisha tundu halijazibwa na kipande cha pulastiki tu, kuna zinazofika bila kalamu. Vidogo vya inchi 11 kalamu yake ni ya kuridhika, unaandika notsi, unachora mchoro wa biolojia, basi, usitegemee sanaa.

Na kwa kishikwambi cha Android, Samsung Galaxy Tab S6 Lite (2020) na nyingi za familia ya Tab S zinakuja na S Pen, yaani kalamu yao, ndani ya boksi, na S Pen ya kuandikia haihitaji betri kabisa. Yaani kwa mtu ambaye sababu yake kubwa ni kuandika kwa mkono na kupiga mistari kwenye pdf, hii njia ya viwili tofauti inaweza kumpa kalamu bora kuliko kompyuta ya kugeuza ya bei sawa. Hilo lilinishangaza hata mimi nilipoanza kulinganisha.

Programu

Ya kuchomoa na ya kugeuza zinaendesha Windows kamili. SPSS ya takwimu, QGIS ya ramani, AutoCAD ya michoro, Excel yenye makro za bajeti, zote zinaingia. Mifumo ya serikali kama ESS (ya watumishi) na NeST (ya zabuni) inafunguka kwenye brauza, kwahiyo hata kishikwambi kinaweza kuifungua, lakini jaribu wewe kupandisha viambatanisho vya zabuni kimoja kimoja kwa kidole ndo utanielewa.

Android ina mambo yake inayowazidi. KoboCollect, ile app ya kukusanyia takwimu vijijini, ni ya Android, na inafanya kazi bila mtandao mpaka ukirudi mjini unatuma. Kwenye Windows unaweza kufungua fomu ile ile kwa brauza, sawa, ila kuna kitu kinaitwa GPS. Surface ya wi-fi peke yake haina GPS, yenye laini ndo inayo. iPad vile vile. Sasa mradi unataka eneo la kila kaya au kila shamba la zabibu, na wewe umesimama Hombolo na mashine ya mamilioni isiyojua iko wapi. Vishikwambi vingi vya Android vina GPS, na ndo maana hata sensa ya Agosti 2022 ilifanyika kwa vishikwambi. Kama wewe ni mwalimu na ulipewa kimojawapo baada ya sensa, basi cha mkononi unacho tayari, cha kuongeza ni laptopu tu (ukikumbuka kwamba kile ni mali ya serikali, picha za harusi weka kwingine).

Udhaifu wa Android ni kwenye uandishi mrefu. Word ya bure kwenye tableti inaruhusu kuhariri kama kioo hakizidi inchi 10.1, kikizidi Microsoft wanataka ulipie usajili. Kiungio cha Zotero cha kuweka marejeo ndani ya Word nacho ni cha kompyuta. Tasnifu ya kurasa 90 kwenye kishikwambi peke yake ni kujitesa.

Halafu kuna la kizazi cha prosesa, na hili linagusa Windows zote. Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, isipokuwa chache sana. Unasoma hivi: i5-8350U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 8, inapita. i5-7300U haipiti. Kwahiyo Surface Pro 4 na ile ya 2017 zote haziko kwenye orodha, Surface Pro 6 iko. EliteBook x360 1030 G2 nje, G3 ndani. Surface Go ya kwanza nje, Go 2 ndani. Kwa vidogo vya inchi 11 tafuta yenye Celeron N4100 au Pentium N5000, zile za mwanzo zimeachwa. Fundi anaweza kukulazimishia Windows 11 kwenye mashine ya zamani na ikawaka vizuri, ila Microsoft hawakuahidi kuendelea kuipa masasisho, na mashine ya kufanyia miamala ya benki sio ya kubahatisha.

Na ukiona Surface Pro X au Surface Pro ya 2024 yenye Snapdragon, uliza kwanza. Ni mashine nyepesi na ya kisasa, lakini prosesa yake ni ya aina ya ARM, sio ya Intel, na draiva za vifaa (programu ndogo zinazoviendesha) lazima ziwe zimetengenezwa kwa ARM. Printa ya zamani ya ofisini, skana ya vidole, mashine fulani ya maabara, vinaweza kugoma kabisa, na hapo hakuna fundi atakayekusaidia kwa sababu sio ugonjwa.

Umeme, joto, vumbi

Surface Pro kuanzia 7 (2019) zinachaji pia kwa USB-C, kwahiyo umeme ukikatika pawabanki yenye nguvu ya kutosha, ile ya PD ya wati 45 hivi, inakuokoa. Surface Pro 6 kurudi nyuma ni ile chaja ya sumaku tu, ikipotea au waya ukikatika shingoni unasubiri mzigo wa Kariakoo uje kwa basi, na feki zake zinapata moto. EliteBook x360 1030 G3 na X1 Yoga za karibuni zinachaji kwa USB-C pia.

Kwa laptopu za kawaida nitaitaja moja kwa jina, ThinkPad T480 ya 2018. Ina betri ya ndani na ya nje, ile ya nje unaichomoa ukiwa bado unaandika na kuweka nyingine, mashine haizimi. Kwa mtu anayeenda Kondoa au Chemba siku nzima hiyo ni faida ambayo hakuna Surface itakupa. Na kishikwambi cha pembeni kinachaji kwa chaja ya simu, kwenye sola ya kijiji, popote.

Joto. Microsoft na Apple wote wanaandika kwamba vifaa vyao vimetengenezwa kufanya kazi mpaka nyuzi joto 35. Kivulini Dodoma tuko chini ya hapo siku nyingi, hata Oktoba na Novemba, lakini dashibodi ya gari iliyoegeshwa juani sio kivulini. Ya kuchomoa inaumia zaidi hapa kwa sababu kompyuta yote imebanwa nyuma ya kioo, unaishika pale pale inapopata moto, na ikizidiwa inapunguza mwendo yenyewe. Surface Pro za i5 kuanzia ya 2017 mpaka Pro 7 hazina feni. Kwenye joto ni hasara, ila kwenye vumbi ni faida: upepo wa kiangazi wa hapa unaingiza vumbi jekundu hadi kabatini, na laptopu yenye feni inalivuta ndani, baada ya muda inaanza kuunguruma. Feni unaweza kufungua ukapuliza. Kwa zisizo na feni angalia tu mchanga usikae kati ya kioo na kava la kibodi, maana ukifunga ukabana kwenye begi unakwaruza kioo chako mwenyewe.

Juani hakuna anayeshinda. Vioo vya tachi vingi vinang'aa, utajiona sura yako kuliko fomu.

Matundu

Kwa kifupi: ya kuchomoa ina machache. Surface Pro 7 ina USB ya kawaida moja na USB-C moja, Pro 8 (2021) kwenda mbele ni USB-C mbili tu, kwahiyo flashi ya bosi inataka adapta na projekta ya ukumbini inataka adapta, nunua ya USB-C yenye HDMI siku ile ile. Nyingi za kugeuza za ofisini zina HDMI na USB ya kawaida. T480 ina mpaka tundu la waya wa mtandao, ambalo kwenye ofisi zenye wi-fi ya kusuasua linaheshimika.

Fundi

Sitazunguka hapa. Ya kuchomoa ikiharibika ni msiba. Ili kufikia betri lazima kioo kibanduliwe, na kioo kimegandishwa kwa gundi, fundi anapasha kwa bloa anaingiza kadi kidogo kidogo pembeni huku wote mmeshika pumzi, na kikipasuka umenunua kioo kwa sababu ya betri. iFixit, wale wanaofungua vifaa na kuvipa alama za urahisi wa kutengeneza, waliipa Surface Pro 7 alama 1 kati ya 10. RAM imechomelewa kwenye bodi, uliyonunua nayo ndo utakayozeeka nayo, kwahiyo ya GB 4 iache hata kama bei inavutia. Pro 8 kwenda mbele angalau SSD, ile inayohifadhi mafaili, inachomoka kwa kufungua kifuniko kidogo nyuma.

Ya kugeuza iko katikati. Unafungua skrubu za chini, betri ile pale, SSD ile pale, ila RAM ya X1 Yoga na EliteBook x360 1030 nayo imechomelewa, na kioo chake cha tachi ni ghali kuliko cha laptopu ya kawaida. Bawaba zinalegea kama watoto wanaichezea kuigeuza geuza.

Laptopu ya kawaida, T480 au EliteBook 840 G5, fundi yeyote wa mjini anaijua, spea zipo, RAM inaongezwa mpaka kwenye nafasi mbili. Kishikwambi cha Android nacho kikivunjika kioo kinauma, lakini kazi zako ziko kwenye laptopu.

Hela yote

Bei ya tangazo la ya kuchomoa ni ya kioo tu. Hata Surface Pro ya 2024 ilipotoka ilianzia dola 999 bila kibodi, na kalamu ni juu yako. Mtaani ni hivyo hivyo, winga anakutajia bei tamu, unafika unakuta kibodi pembeni, kalamu pembeni, chaja "tutakupatia". Jumlisha vyote vitatu kabla hujaanza kulinganisha, na kibodi iwe ya mwili ule ule, ya Pro 7 haikai kwenye Pro 8.

Ya kugeuza inakuja nzima, unalipia kalamu tu kama haipo. Viwili tofauti unaweza kuvinunua kwa awamu, laptopu muhula huu, kishikwambi muhula ujao, na kwa boom ya mwanafunzi (hela ya mkopo) hiyo awamu ni jambo kubwa.

Ukiwa dukani na mashine ya Windows iliyotumika fanya haya hata kama muuzaji ananuna. Fungua Paint uchore mistari kwa kidole kutoka ukingo hadi ukingo, mstari ukikatika sehemu ile ile kila mara tachi imekufa hapo. Angalia kingo za kioo kwa ubavu, kikiwa kimenyanyuka hata kidogo betri imevimba, rudisha. Andika powercfg /batteryreport kwenye Command Prompt, itakupa ukurasa unaoonyesha uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo wake sasa, ikiwa imeshuka chini ya nusu punguza bei au ondoka. Surface Pro 4 iache iwake muda mrefu, kuna toleo lililokuwa na ugonjwa wa kioo kutetemeka kikipata moto mpaka Microsoft wenyewe wakafungua utaratibu wa kuzibadilisha mwaka 2018. Na omba ifutwe iwashwe upya mbele yako: ikidai akaunti ya kampuni fulani ya Ulaya au Marekani, hicho ni kimeo, bado iko mikononi mwa mwenyewe wa zamani na siku yoyote inaweza kufungwa.

Sasa wewe uko wapi hapo

Mwanafunzi wa UDOM au Chuo cha Mipango ambaye kazi yake ni kuandika, kuandika, na kuandika tena, chukua ya kugeuza ya kizazi cha 8 yenye GB 8, au viwili tofauti ukianza na laptopu. Kama unasoma hesabu, uhandisi, udaktari, vitu vyenye michoro na alama zisizochapika, ya kuchomoa yenye kalamu ya kweli itakulipa, kwa sharti la kwamba una meza unapolala.

Ofisa wa Mji wa Serikali anayeingia vikao vitatu kwa siku, anasaini nyaraka, anasahihisha dokezo kwa mkono kisha anarudi mezani kwenye kioo kikubwa na kibodi ya nje, huyu ndo ya kuchomoa imetengenezwa kwa ajili yake. Pro 7 kwenda mbele, na adapta kwenye begi.

Afisa ugani, mtafiti, mdadisi wa miradi, unayeshinda juu ya pikipiki: viwili tofauti. Kishikwambi chenye GPS kiende shambani kwenye kava gumu, laptopu ibaki gesti ikikusubiri usiku.

Mwalimu mwenye kishikwambi cha sensa, laptopu ya kawaida peke yake inatosha, usiongeze tachi ya pili.

Familia yenye mtoto wa sekondari na mzazi mwenye biashara ndogo wanaochangia mashine moja, kidogo cha inchi 11 cha kugeuza kinavumilia kuangushwa kuliko Surface, ila mahesabu ya duka yakikua Excel yake itaanza kukohoa.

Na kama uko njia panda kabisa, una hela lakini huna uhakika utatumia kalamu, muombe mwenzako akuazime yake wikendi moja tu. Ukiona Jumapili jioni kalamu haijatoka kwenye begi, nenda kachukue T480.